Vibanda vya Mawe Virudishwe Kazini

Machi ndiyo hii, na kwenye miteremko ya Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, kazi ya kupogoa mizabibu inakaribia kwisha. Kutoka Dijon hadi Santenay, mwendo wa kilomita zipatazo 60, watu wameinama tangu baridi ilipoanza, wakikata matawi ya mwaka jana na kubakiza moja au mawili ya kuzaa. Wapo wanaoyachoma palepale ndani ya toroli lililotengenezwa kwa pipa la mafuta lililopasuliwa. Udongo ukipata joto kidogo, kila jeraha la mkasi huanza kudondosha maji. Baada ya wiki chache macho ya mzabibu yatafunguka, na hapo ndipo majira ya kuchipua yatakuwa yameingia kweli.

Katikati ya mashamba hayo vimesimama vibanda vya mawe. Vimejengwa bila saruji wala chokaa, na wenyeji wanaviita cabotte. Kusini zaidi, upande wa Beaujolais, ndugu yake anaitwa cadole, na Languedoc anaitwa capitelle. Kroatia wanavyo, Italia wanavyo, na Ujerumani, huko Flonheim, kipo kimoja cheupe cha mwaka 1756 ambacho kila mpita njia hukipiga picha. Vingi vya Burgundy ni vidogo na vyeusi kwa uzee, na havina mwaka ulioandikwa juu ya mlango. Baadhi vimetunzwa vizuri. Vingine paa limeingia ndani, mimea itambaayo imepenyeza mizizi kwenye kuta, na mlangoni kumetupwa chupa za plastiki na nyaya za zamani.

Msimamo wetu ni huu: vikarabatiwe, na vikishakarabatiwa vikae wazi kwa ajili ya watu wanaofanya kazi shambani. Sehemu ya kwanza ya hoja hii haina mpinzani. Hatujasikia mtu akisimama hadharani kutaka vibanda vibomolewe. Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo iliyotufanya tuandike.

Tuanze na sababu ya kuwapo kwa vibanda hivi. Miteremko ile ni ya mawe ya chokaa. Kila aliyelima aliokota mawe, akayatupa pembeni, na mwaka uliofuata akaokota mengine. Vizazi kwa vizazi marundo yakawa kuta ndefu mipakani mwa mashamba. Kibanda kilizaliwa humo, mara nyingi kikiwa kimeegemea rundo au kimechimbwa ndani yake. Hakuna aliyenunua kitu. Mali ghafi ilikuwa kero ya shamba lenyewe, na fundi alikuwa mkulima mwenyewe katika siku ambazo ardhi imeganda na jembe haliingii.

Wakati huo mizabibu haikupandwa kwa mistari kama leo. Ilisongamana ovyo, maana shina jipya lilipatikana kwa kulaza tawi la zamani na kulifukia. Mnyama asingeweza kupita. Kila kitu kilikuwa jembe la mkono na mgongo wa mtu, pamoja na kubeba kwa kikapu udongo ulioporomoshwa na mvua na kuurudisha juu ya mteremko. Wengi waliofanya kazi hiyo hawakuwa wenye shamba. Walilipwa kwa eneo walilolihudumia, na utaratibu huo wa ujira wa kipande ungalipo hadi leo. Wanawake walikusanya matawi yaliyokatwa, na majira ya kuchipua yalipokaribia wakayakunja yale yaliyobakizwa na kuyafunga. Nyumba ilikuwa mbali. Mvua ya mawe ikija ghafla, au upepo wa kaskazini ukianza kukata masikio, mahali pa kukimbilia palikuwa kibanda.

Ukiingia ndani ya kilichosalimika utaona kwamba aliyekijenga alifikiria mtu. Kuna kibaraza cha jiwe cha kukalia. Ukutani pana kidaka cha kuwekea taa au chupa. Baadhi vina meko. Mlango ni mfupi, unakulazimisha kuinama, na kwa kawaida umeupa upepo mgongo. Hakuna dirisha, au kuna tundu moja tu la kuchungulia. Kwa watu watatu au wanne wenye mkate na supu, panatosha.

Paa ndilo lenye elimu. Hakuna boriti hata moja. Mawe bapa yamepangwa duara juu ya duara, kila duara likisogea kidogo ndani kuliko lililo chini yake, kama sarafu zinazosukumwa taratibu kuelekea ukingo wa meza. Sarafu zingeanguka. Mawe hayaanguki kwa sababu mkia wa kila jiwe, ule ulio ndani ya unene wa ukuta, umekandamizwa na uzito wa mengine, na kwa sababu duara lenyewe linabanana. Uwazi unapungua hadi unafunikwa na bamba moja juu kabisa. Zaidi ya hapo, fundi alilipa kila jiwe mwinamo mdogo wa kuelekea nje. Maji ya mvua yanayopenya juu hutiririka kutoka jiwe hadi jiwe na kutokea nje, na aliyeketi ndani halowi. Hesabu hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa kwenye mikono.

Kutokana na hilo tunaelewa pia kibanda hufaje. Trekta likigonga kona, duara linapoteza kifungo chake. Mtu akisawazisha rundo la mawe lililokuwa nyuma ili apate mistari miwili zaidi ya mizabibu, ukuta unakosa wa kuuegemeza. Mtu mwingine akiona bamba la juu lingependeza kwenye bustani yake, akalichukua, mvua inaanza kuingia katikati na paa halifiki mbali. Na mizizi, bila shaka, ambayo haina haraka.

Yupo pia adui anayekuja na nia njema: saruji. Ukuta wa mawe makavu unaishi kwa kuwa maji yanapita ndani yake na kutoka. Ukiziba nyufa kwa saruji maji yananaswa, baridi inayagandisha, yanavimba, na jiwe linapasuka kutoka ndani. Kibanda kilichohimili baridi nyingi kinaweza kuharibiwa na ukarabati wa wikendi moja. Tunasema hivi kwa sababu saruji bado ndiyo jibu la kwanza la mtu asiyejua, na gunia la saruji ni rahisi kulipata kuliko fundi.

Kilichovinyima vibanda kazi hakikuja siku moja. Mwaka 1878 mdudu wa filoksera, aliyetoka Amerika na kula mizizi, alionekana Meursault, na baada yake karibu mashamba yote yalipandwa upya kwa mizabibu iliyounganishwa na mashina ya Kimarekani. Safari hii walipanda kwa mistari, farasi akaweza kupita na plau. Kibanda kiliendelea kutumika. Farasi hakumwondolea mtu njaa ya mchana. Kilichokimaliza ni yale matrekta marefu yanayopita juu ya mizabibu, tairi huku na tairi kule, yaliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na gari dogo la mizigo lililompeleka mfanyakazi kijijini kula na kumrudisha. Kufikia hapo kibanda kilikuwa ghala la zana mbovu.

Halafu kikapandishwa cheo kwa njia nyingine, kikawa picha. Kipo kwenye kadi za posta, kwenye vipeperushi vya watalii, kwenye lebo. Kampuni ya Bouchard Père & Fils ina mvinyo wa Chevalier-Montrachet unaoitwa La Cabotte, kwa jina la kibanda kilichomo kwenye kipande hicho cha shamba, na si chupa ambayo mtu wa kawaida ataifungua Jumapili. Hatuna ugomvi na lebo. Jina likimfanya mwenye shamba akilinde kibanda, ni heri. Ila tusijidanganye kwamba fedha hazipo. Hektari moja ya mashamba ya daraja la juu kabisa Burgundy huuzwa kwa mamilioni ya euro. Ujira wa fundi wa kuinua paa lililoporomoka ni tone dogo katika hesabu hiyo.

Heshima rasmi nayo imekwisha kuja. Julai 2015 UNESCO iliviingiza vipande 1,247 vya mashamba ya mizabibu ya Burgundy kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta na vibanda ni sehemu ya mandhari hiyo. Mwishoni mwa Novemba 2018, katika kikao kilichofanyika Port Louis, Mauritius, ujuzi wenyewe wa kujenga kwa mawe makavu ukaingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la nchi nane: Ufaransa, Italia, Hispania, Uswisi, Kroatia, Slovenia, Ugiriki na Cyprus.

Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba mwaka huohuo, miezi mitano nyuma, kikao kingine cha UNESCO kilichokaa Manama, Bahrain, kiliiingiza Thimlich Ohinga kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Maboma yale ya Kaunti ya Migori ni ya ujenzi uleule: mawe bila kiunganishi, kuta za kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu, milango mifupi, na tabaka la ndani lililojaa mawe madogo yanayofunga mengine. Waliojenga huko hawakuwahi kukutana na wale wa Burgundy. Walikutana na tatizo moja, mawe mengi na kiunganishi hakuna, na akili zao zikafika mahali pamoja.

Tofauti iko kwenye kile kilichotambuliwa. Migori pametambuliwa mahali. Port Louis ulitambuliwa ujuzi. Kwa maoni yetu ujuzi ndio wenye dharura zaidi, Burgundy na Migori pia, kwa kuwa ukuta ulioanguka unaweza kusimamishwa tena na anayejua, na uliosimama utaanguka tu pasipo anayejua. Ufaransa ina cheti cha ufundi wa mawe makavu, na mafundi waliojipanga vizuri, hasa milima ya Cévennes. Hawatoshi. Kijana anayejifunza anahitaji miaka ya kushika mawe kabla jicho lake halijajua jiwe lipi linaenda wapi. Anahitaji pia kuona kwamba baada ya miaka hiyo kuna kazi ya kulipwa, wala si maonyesho ya Jumamosi kwa watalii.

Tufike sasa kwenye lile linalosahaulika.

Septemba 2023, wakati wa mavuno ya zabibu katika jimbo la Champagne, jirani wa kaskazini wa Burgundy, joto lilipanda na wavunaji kadhaa walifariki. Katika mavuno hayohayo wakaguzi waligundua vibarua zaidi ya 50, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, wakiwa wamewekwa kwenye malazi machafu na kulipwa kidogo au kutolipwa kabisa. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Hiyo ni Champagne, na ni mavuno. Sisi tunazungumzia Burgundy na majira ya kuchipua. Lakini nguvukazi ni ileile inayozunguka, leo ikifunga matawi, Septemba ikikata vichala, mara nyingi chini ya wakala ambaye mwenye shamba hamjui zaidi ya namba yake ya simu.

Hapo ndipo kibanda kinatuuma. Babu wa mwenye shamba, mtu asiye na cheti chochote, aliona kwamba anayefanya kazi juani na mvuani anahitaji paa, kibaraza na mahali pa kuweka chupa yake ya maji. Leo kibanda hicho kiko kwenye lebo, na anayefanya kazi mita 20 kutoka hapo anakula amesimama kando ya gari. Mahali pengine kibanda kimekarabatiwa vizuri kabisa, kikapigwa kufuli, na ufunguo uko kwa mwongozaji wa watalii. Mkulima wa zabibu wa Dodoma, anayevuna mara mbili kwa mwaka na hana baridi ya kusubiri iishe, hahitaji kuelezwa thamani ya kivuli saa saba mchana. Hata wa Burgundy hahitaji kuelezwa. Anajua, ila hajaliunganisha na kile kibanda.

Na haja ya paa haijaisha. Wanaopogoa wanapigwa na baridi tangu Desemba. Aprili huja na sakitu, umande ulioganda unaounguza machipukizi. Usiku wa mwanzoni mwa Aprili 2021, baada ya joto lisilo la kawaida la mwishoni mwa Machi kuyaamsha macho mapema, watu walikesha mashambani wakiwasha mishumaa mikubwa ndani ya ndoo za bati, maelfu kwa maelfu, na bado hasara ilikuwa kubwa kote Ufaransa. Hofu hiyo huendelea hadi katikati ya Mei. Mtu anayekesha mpaka alfajiri akihama kutoka mstari hadi mstari anahitaji mahali pa kupasha mikono. Julai na Agosti joto lenyewe ndilo tishio: tangu Julai mosi 2025 sheria ya Ufaransa inamtaka mwajiri apange upya kazi wakati wa joto kali, na pasipo na maji ya bomba atoe angalau lita tatu za maji kwa kila mfanyakazi kwa siku. Maji hayo yatawekwa wapi? Chumba cha mawe mazito hupoa usiku na huchelewa kupata joto mchana.

Kuna pingamizi ambalo ni la haki: kibanda cha watu wanne hakiwezi kuhifadhi kundi la wavunaji 40. Kweli. Kwa wavunaji mwajiri alete mahema, vyoo na maji, na akaguliwe. Lakini kuanzia Desemba hadi Juni kazi hufanywa na makundi madogo, watatu hapa, watano pale, na hao ndio vibanda vilijengwa kwa ajili yao. Tusikatae kuwapa paa watatu kwa hoja kwamba 40 hawataenea.

Pingamizi la pili ni la wahifadhi. Wanaogopa kwamba kibanda kikitumika kitachakaa, au jiwe litamwangukia mtu na kesi iende mahakamani. Kibanda kilichojengwa vizuri hakimwangukii mtu. Kinachoangusha mawe ni kile ambacho hakuna aliyekitazama. Mtu anayeingia kila wiki ndiye wa kwanza kuona bamba limesogea. Tungependa mwenye shamba asikilize taarifa ya mtu huyo kuliko kungoja mkaguzi wa urithi apite.

Kwa hiyo nani alipe? Mwenye ardhi kwanza, hasa yule ambaye picha ya kibanda inamuuzia mvinyo. Palipo na mwenye ardhi mdogo, na Burgundy wako wengi wanaomiliki mistari michache tu, manispaa na vyama vya wakulima vijazie. Fondation du patrimoine, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, linasaidia majengo madogo ya namna hii, na kuanzia mwaka 2018 Ufaransa ina bahati nasibu maalumu inayochangia urithi. Fedha ya umma ikiingia, iingie na masharti mawili: fundi wa mawe makavu ndiye ashike nyundo, na mlango ubaki wazi kwa wafanyakazi. Kibanda cha kufuli kitafutiwe fedha kwa watalii wanaokitembelea.

Wakaguzi wa kazi nao wanaweza kuanza mara moja bila bajeti mpya. Wanapopita shambani kuuliza mikataba na maji, waulize na hili: mvua ikinyesha sasa hivi, watu hawa wanakwenda wapi? Mwenye shamba anayeonyesha kibanda kilichofagiliwa, chenye kibaraza kikavu na ndoo ya maji yenye mfuniko, amejibu.

Muda uliobaki ni mfupi. Mawe yanabebwa kwa toroli kupitia kati ya mistari, na hilo linawezekana sasa, matawi yakiwa matupu na udongo haujalimwa. Machipukizi yakirefuka, kila toroli linalopita litavunja baadhi, na hakuna mkulima atakayekubali. Kwa kibanda ambacho hakitaguswa kabla ya mwisho wa Aprili, fundi atalazimika kusubiri hadi Novemba, na mvua za kiangazi zitakuwa zimeshapita kwenye tundu la paa.